Chujio la Eom Pil-sun

Jumatano, katikati ya mlima, lori la Eom Pil-sun liligoma kupanda. Halikuzima. Lilifanya jambo la aibu kuliko kuzima: lilitambaa kilomita thelathini kwa saa, injini ikihema kama mgonjwa, taa ya rangi ya chungwa ikiwaka kwenye dashibodi, ilhali tangi la saruji nyuma yake lilikuwa tupu. Tupu kabisa! Vigari vya watalii vilimpita vikimpigia honi. Pil-sun alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na kwa miaka ishirini na miwili ya usukani hakuwahi hata siku moja kuburutwa kwa kamba.

"Twende, baba," aliliambia lori. "Nifikishe kwa Ban tu. Ukifika huko ukitaka kufa, kufa."

Lilimfikisha. Gereji ya Ban Deok-cheol ilikuwa chini ya daraja la reli, mahali ambapo saruji iliyodondoka kwa miaka arobaini ilikuwa imegeuka sakafu yenyewe. Ban alikuwa fundi wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa ya kejeli. Alisimama nyuma ya lori, akanusa, akapitisha kidole kwenye bomba la moshi.

"Chujio," alisema. "Limejaa masizi mpaka kooni. Dada, gari lako linapumulia tundu la sindano."

"Si uliniambia lina uwezo wa kuyachoma masizi lenyewe?"

"Linayachoma likipata moto. Wewe unalipatia moto?"

Kabla Pil-sun hajajibu, gari jeupe liliingia uani na Meneja Seol akashuka, viatu vikimeta. Habari katika bonde lile la Gangwon hazihitaji miguu. Seol alikuwa kijana wa miaka thelathini na minane, mtoto wa mwenye kampuni ya usafirishaji, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwakumbusha madereva kitu kimoja: lori ni lako, namba ni yangu.

Maana ndivyo mambo yalivyokuwa, na ndivyo yalivyo. Dereva hununua lori kwa jasho lake. Matairi ni yake, bima ni yake, dizeli ni yake, ajali ni yake. Lakini kile kibati cha njano chenye namba, ambacho hata yai huwezi kukaangia juu yake, ni cha kampuni. Bila kibati hicho lori la mamilioni ni banda la kuku lenye magurudumu. Waliopanga hivyo hawajawahi kubadilisha tairi kwenye theluji.

"Dereva Eom," Seol alisema kwa sauti ya mtu aliyeleta zawadi. "Mbona unajitesa? Litoe hilo dude. Kuna jamaa kule bondeni, kwa saa mbili tu anakuvunjia matumbo ya chujio, anaunganisha kidude kidogo cha kuidanganya kompyuta, unarudi kazini kesho. Lori lako litapanda mlima kama mbuzi. Wenzako kumi na mmoja kati ya kumi na wanne wameshatoa. Umesikia hata mmoja analalamika?"

"Nimesikia wanakohoa."

Ban alicheka puani. Seol alitabasamu, maana alifundishwa kutabasamu, akatoa karatasi kwenye bahasha.

"Utatia sahihi hapa tu."

Pil-sun alivaa miwani. Aliishia darasa la sita, lakini karatasi alizisoma zote, hata zile za kufungia samaki wakavu. Iliandikwa kwamba mmiliki wa lori, kwa hiari yake mwenyewe na bila kampuni kujua, ameamua kuondoa chujio la moshi, na kwamba lawama yoyote, iwe ya serikali au ya nani, ni juu yake.

"Bila kampuni kujua," Pil-sun alisoma kwa sauti. "Na kampuni ndiyo imeniletea karatasi. Hii ni ajabu. Bubu amemwambia kiziwi."

"Ni utaratibu tu, mama."

"Mama yako yuko nyumbani anakata kabichi. Mimi ni dereva."

Tabasamu likapungua nusu. "Haya, dereva. Jumatatu saa tatu asubuhi nataka lori lako kwenye mizani ya kiwanda cha saruji. Liwe na chujio, lisiwe na chujio, hilo shauri lako. Lisipokuwepo, namba nampa mwingine. Wapo wanaoisubiri." Akaondoka akiacha karatasi juu ya pipa la oili.

Ban alimtazama akipotea. "Nimpigie simu yule jamaa wa bondeni?"

"Nieleze kwanza kwa nini limekufa. Limefanyiwa usafi mwaka jana tu."

Fundi alichomeka waya wake chini ya dashibodi, akasubiri, kisha akaugeuza uso wa kompyuta upande wake. Alikunja uso. Akamwita asogee.

"Ona. Tangu tulisafishe, injini yako imefanya kazi saa elfu mbili na mia sita. Kati ya hizo, saa elfu moja na mia mbili gari lilikuwa limesimama. Limesimama, dada, linanguruma! Karibu nusu ya maisha yake. Chujio hili ni kama chungu cha wali: moto mkali ukipita, linajisafisha. Moto mdogo wa kutwa nzima, unatengeneza ukoko. Chujio lako halikufa mlimani. Limekufa kwenye foleni."

Pil-sun alikaa juu ya tairi. Hakuwa na haja ya kuuliza foleni ipi.

Foleni ya kiwanda huanza alfajiri na kupinda kandokando ya mto mpaka kwenye mashamba ya pilipili. Malori arobaini, siku nyingine sitini, yakisubiri kujazwa saruji kwa muda wa saa tatu au nne, yakisogea hatua kwa hatua. Na foleni ile ina sheria yake, ambayo haikuandikwa popote, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuivunja: injini haizimwi. Gari lililozimwa ni gari lililolala, na aliyelala hupitwa. Sheria hiyo waliitunga madereva wenyewe, wakati wa malori ya zamani ambayo baridi ya Januari ikiyashika hayawaki mpaka uyawashie moto wa kuni chini ya tangi. Gari moja likizimika, foleni nzima ilikwama. Wakakubaliana: ukizima, tunakupita. Malori yale yalishauzwa chuma chakavu zamani, wengine wameyasahau hata majina. Sheria ikabaki. Miaka thelathini watu wazima wamekaa wakichoma dizeli yao wenyewe, wakivuta moshi wao wenyewe, wakiua machujio yao wenyewe, na kiwanda kisichotaka kuongeza hata mdomo mmoja wa kujazia kikawatazama kwa dirishani kikinywa chai.

"Kwa hiyo tumejiroga wenyewe," alisema Pil-sun.

"Mmejiroga, ndiyo. Lakini dawa ameshika mwingine." Ban alijifuta mikono. "Nisikilize. Naweza kulisafisha. Kuliweka kwenye tanuri, kulipuliza, kulipima, siku tatu nzima. Litakuwa kama jipya. Halafu Jumatatu utarudi foleni, utalichafua tena. Unasugua chungu kwa watu wanaounguza wali kila siku. Na kulitoa ni saa mbili. Sikushauri. Nakuhesabia tu."

Pil-sun aliitazama ile karatasi juu ya pipa. Neno moja la Seol lilikuwa limemkwama kama mfupa: unajitesa. Alishalisikia zamani, kwa sauti nyingine.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, naye msichana mdogo, baba yake akitoboa mwamba kwenye mgodi wa makaa ya mawe upande wa Taebaek. Keekee za kutobolea zilikuwa na bomba la maji, maji yanalowesha vumbi lisiruke. Siku moja msimamizi akaja mpaka kwenye nyumba za wachimbaji, akakaa sakafuni, akanywa pombe ya mchele ya watu, akasema: mbona mnajitesa, maji yanachelewesha, fungeni maji mtoboe kavu, mtamaliza mapema mrudi kwa wake zenu. Wakafunga. Walimaliza mapema kweli. Baba yake alimaliza akiwa na miaka arobaini na tisa, mapafu yamegeuka jiwe, na daktari wa kampuni akaandika kwamba ni sigara. Baba yake hakuwahi kuvuta sigara. Msimamizi yule alistaafu akapewa saa ya dhahabu. Pil-sun alilijua jina lake, na jina la daktari, na rangi ya viatu alivyovaa msimamizi siku ile.

"Litoe," alimwambia Ban.

Fundi alishtuka. "Nilitoe?"

"Litoe tulisafishe! Unadhani nini? Nipe glavu."

Walifanya kazi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kwanza waliliweka kwenye mizani: kilo thelathini na moja na nusu. Ban alimulika tochi upande mmoja, Pil-sun akachungulia upande wa pili vijitundu elfu vya kauri, vyembamba, vimepangwa kama sega la nyuki, na palikuwa giza. Hofu yao ilikuwa ufa. Kauri ikishapasuka, hakuna fundi wala mganga. Wakalipasha moto kwenye tanuri polepole, wakaliacha lipoe polepole, wakalipuliza kwa hewa, tundu kwa tundu, upande huu na upande ule. Pil-sun ndiye aliyeshika bomba la hewa. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha, na ndani ya saa moja ile barakoa yake nyeupe ikawa nyeusi.

"Haya yote ungeyameza wewe," Ban alisema akionyesha masizi ndani ya mfuko.

"Mimi na wenye mashamba ya pilipili."

Jumamosi jioni Ban alilipima tena. Kilo ishirini na tisa na robo; jepesi kuliko hapo lilikuwa siku lilipoundwa tu. Akamulika tochi. Mwanga ukapita, safi, bila ufa hata mmoja, ukachora ukutani madoa elfu ya nuru. Wakakaa wakiyatazama, watu wazima wawili wenye nyuso za wachoma mkaa.

"Limetengenezwa vizuri," alisema Ban.

"Na sisi tumelitengeneza vizuri zaidi," alisema Pil-sun. Hakujisifu. Alitaja jambo lililokuwepo.

Jumatatu alfajiri lori lilipanda mlima kwa sauti nzito, tamu, bila kuhema, na kulipokucha alikuwa kwenye foleni, wa kumi na saba. Mbele yake matangi yalinguruma. Nyuma yake liliingia lori la kijani, na Pil-sun akajua bila kugeuka ni la nani, maana moshi ulitangulia. Bae Jong-du, mzee wa foleni, miaka sitini na sita, mtunzi wa sheria ya foleni na polisi wake. Miaka ile ya Taebaek alikuwa kijana wa kushika taa nyuma ya keekee ya baba yake Pil-sun.

Pil-sun alivuta breki ya mkono. Akageuza ufunguo.

Lori likanyamaza.

Akajifunga blanketi, akateremka, akakaa kwenye ngazi ya mlango na chupa yake ya chai ya shayiri. Foleni ikasogea hatua moja. Mbele yake pakafunguka nafasi ya lori zima.

Honi zilianza. "Dada Pil-sun! Umekufa?"

"Mzima!"

"Basi washa!"

"Nitawasha tukisogea magari matano. Kuwasha kwa ajili ya hatua moja ni ujinga, na ujinga wangu nimeuacha kwa Ban, upo kwenye mfuko, kilo mbili na robo."

Lori moja lilichomoka nyuma likampita. Dereva wake hakumtazama usoni. La pili likampita, huyu alimtazama na kucheka: "Aliyelala hupitwa, dada!" La tatu. Sasa alikuwa wa ishirini, na saa inakwenda. Kila lori lililopita lilisogeza mizani mbali zaidi na saa tatu ya Seol. Vidole vilimwuma kwa baridi. Alikunywa chai. Kwa mara ya kwanza aliogopa kweli.

Bae Jong-du aliteremka kutoka kwenye lori lake la kijani, likinguruma nyuma yake, akamjia akitembea kwa miguu yake ya upinde.

"Binti wa Eom, unatufanyia maigizo gani? Sheria unaijua."

"Naijua, Kaka Bae. Uliitunga wewe. Na ilikuwa sheria nzuri, wakati gari lako lilikuwa linawashwa kwa kuni."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Lori lako hili linawaka kwa nukta ngapi?"

Bae aligeuka akaliangalia lori lake.

"Moja," Pil-sun alijijibu. "Hata kwenye theluji. Sasa niambie tunayangurumisha kwa nini. Chujio lako ulilitoa lini?"

"Machi. Lilikuwa bovu."

"Halikuwa bovu! Langu nimelichungulia tundu kwa tundu. Tumeliua hapa hapa, kwa kusimama, kwa sababu kiwanda hakitaki kutupa namba za zamu ya kujazia, na sisi tunaogopa kupitana. Wanatuweka hapa saa nne, machujio yanakufa, kisha anakuja kijana wa viatu vya kumeta anakwambia, mbona unajitesa. Kaka Bae, wewe ulikuwepo. Ulishika taa. Yule wa kwanza aliyesema maji yanachelewesha, baba alimjibu nini?"

Mzee alikohoa. Kikohozi kirefu kilichoanzia mbali. Akatema pembeni.

"Hakujibu kitu," alisema. "Hatukujibu kitu. Tulimwongezea pombe."

"Basi."

"Una mdomo mchafu kama mamako," alisema Bae, akageuka kwenda zake.

Pil-sun alimtazama akipanda lori lake, akamwona akishika gia, akajiandaa kupitwa mara ya nne. Lori la kijani lilitetemeka. Kisha likazima.

Ukimya wa malori mawili si ukimya. Lakini Bae alichungulia dirishani akanguruma yeye mwenyewe, kwa sauti iliyowahi kusikika ndani ya mgodi: "Nyuma huko! Zimeni! Hakuna kupitana! Atakayempita mwenzake leo nitakunya kwenye kiti chake!"

"Kaka, na sheria?"

"Sheria niliitunga mimi, nimeifuta mimi! Unataka nikuletee kwa maandishi?"

Watu walicheka. Likazima la tatu, la nne, kundi zima la nyuma, hadi kule kwenye pilipili. Mbele wengine walitoa vichwa kuona kuna nini, nao wakazima, mmoja mmoja. Na hapo kikatokea kitu ambacho hakuna dereva pale aliyewahi kukisikia katika maisha yake ya foleni. Walisikia mto. Ulikuwa pale miaka yote, mita kumi kutoka barabarani, ukipita juu ya mawe. Watu walishuka kwenye magari wakasimama kama wageni.

Mlinzi wa kiwanda alikuja mbio akishika kofia. "Ni mgomo? Nani kaitisha mgomo?"

"Mgomo wapi?" alisema Pil-sun. "Tupo. Tunasubiri saruji. Tumeacha tu kuipikia dizeli. Kamwambie aliye juu atuite kumi kumi kwa namba, tutakuja kumi kumi. Au anapenda kutuona tumejipanga?"

Mlinzi aliondoka, na njiani alipishana na Meneja Seol. Viatu vilikuwa na tope. Mkononi alikuwa na bisibisi.

"Dereva Eom. Saa tatu kamili, na hupo kwenye mizani." Alikwenda moja kwa moja nyuma ya tangi, akachuchumaa mbele ya kibati cha njano.

Kama injini zingekuwa zinanguruma, angemaliza kazi yake na hakuna ambaye angejua. Lakini siku hiyo bisibisi iligusa skrubu, na madereva ishirini wakaisikia ikikwaruza. Wakasogea. Hakuna aliyemgusa. Walisimama tu, mikono mifukoni, pumzi zao zikitoa mvuke.

"Meneja," alisema Bae kwa upole wa kutisha. "Ukimaliza hilo la kwake, njoo na la kwangu. Mimi pia sipo kwenye mizani."

"Na langu," alisema mtu.

"Na langu, Meneja. Skrubu zangu zimeshika kutu, uje na nyundo."

"Halafu," Bae aliendelea, "ile karatasi niliyotia sahihi mwezi wa Machi, kwamba kampuni haikujua. Umeiweka pazuri? Nataka uisome hapa, sauti ya juu. Leo ni kimya, tutasikia."

Seol alibaki amechuchumaa. Uso wake ulikuwa mwekundu, labda kwa baridi. Alimtazama Pil-sun, na Pil-sun akamtazama yeye, bila chuki, jinsi unavyomtazama mtu aliyekosea njia na unasubiri ageuze gari. Hatimaye alisimama, akakung'uta magoti.

"Nitapiga simu kiwandani," alisema, "waangalie habari ya namba za kujazia."

"Piga," alisema Pil-sun. "Na ile karatasi uliyoniachia ipo kwa Ban. Anafutia nayo mikono."

Saa nne kasoro robo mlinzi alirudi na kipaza sauti, akaita magari kumi ya kwanza. Yakawaka kwa pamoja, yakaenda, yakapotea. Kisha wale waliompita Pil-sun, watatu wote, walirudi nyuma wenyewe bila kuambiwa, yule aliyecheka akainua kofia, wakamwachia nafasi yake ya mwanzo.

Bae alikuwa bado amesimama pembeni ya ngazi, anajikuna shingo.

"Yule Ban," alisema. "Anaweza kurudisha lililotolewa?"

"Kama hawakulivunja matumbo."

"Sikukubali walivunje. Kitu kimefumwa namna ile, unakipiga nyundo kwa roho gani? Nilikipeleka nyumbani. Mke wangu anazuilia nacho mlango wa banda la kuku."

"Mnunulie jiwe."

"Atanitukana."

"Ndiyo. Vumilia."

Kipaza sauti kikaita kumi waliofuata. Eom Pil-sun akapanda, akakunja blanketi vizuri, akageuza ufunguo. Lori likawaka nukta ile ile. Alichungulia kwenye kioo cha pembeni, juu kule kwenye bomba la moshi, na hakuona kitu ila anga. Akaachia breki, akaenda kwenye mizani mgongo umenyooka kama mtu anayekwenda kupokea kilicho chake.